Mnaocheka Ramani Zetu, Ninyi Mnapanda Nini?

Ndugu msomaji, kuna mchezo umeingia kati yetu baadhi ya vijana wa Tanga, na mimi ni mmoja wa wagonjwa wake. Mtu anachukua daftari la hesabu, lile la vyumba vidogo vidogo, anachora ufuko na ghuba, halafu anaanza kupitisha mistari ya rangi. Mwekundu unatoka Pongwe hadi stesheni. Wa kijani unatoka Kange, unakata Ngamiani, unakwenda kuishia Raskazone. Anatia vituo, anavipa majina, anaandika pembeni gari litapita kila baada ya dakika ngapi. Gari lenyewe halipo. Fedha hazipo. Hakuna aliyemtuma. Huko duniani wapo watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanaofanya vivyo hivyo kwa miji yao ya kadiri, ile ambayo si kijiji na wala si jiji la kutajwa redioni kila siku.

Basi tunachekwa. Na wanaotucheka wako makundi mawili, ambayo leo nataka nizungumze nayo hadharani. Baadaye nitalisema na kundi la tatu, la wachoraji wenzangu, kwa sababu ugomvi wangu na hao ni mkubwa zaidi.

Kundi la kwanza ni la wakubwa wetu. Hao husema: "Nyie hamna kazi. Mji wenyewe huu, mtu anatoka nyumbani kwa baiskeli anafika kabla hajatoa jasho, mwataka treni za nini?" Wazee wangu, shikamooni. Lakini mji mnaousema ni wa zamani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga. Ile ya mwaka 2022 ilikuta wamepita 390,000. Katika miaka kumi tu tumeongezeka zaidi ya laki moja, na hao wote hawakwenda kujibana Chumbageni. Wamejenga pembeni, upande wa Pongwe, upande wa Amboni, huko ambako kiwanja kilipatikana. Baiskeli ya kutoka Makorora kwenda sokoni naielewa. Lakini mama mjamzito aliyeko Pongwe, uchungu umemshika saa nane za usiku na anatakiwa Bombo, mtampakia kwenye keria?

Halafu nawauliza: ni lini mliona kitu cha usafiri katika pwani hii ambacho hakikuanza kama mstari kwenye karatasi ya mtu? Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli hapa hapa Tanga, ya kwanza katika nchi ambayo leo tunaiita Tanzania Bara. Walifika Muheza mwaka 1896, kilomita 40 kwa miaka mitatu, kisha kampuni iliyoianza ikaishiwa, serikali yao ikaichukua mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kama mngekuwepo mngewacheka na hao? Hata! Mngewavulia kofia, kwa sababu mchoro wao ulikuwa na muhuri.

Tatizo basi si kuchora. Tatizo ni nani kashika kalamu, na anamchorea nani. Mwaka ule ule wa 1893, Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge kutoka Marekani, na iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62 tu. Miche ikawa mashamba, na reli ikawa ndiyo njia ya mkonge, na baadaye kahawa, kwenda melini. Ndani ya mashamba zikatandikwa reli nyembamba za matroli, na kule Tengeni ikawekwa tawi la kupanda hadi Sigi kuchukua mbao za Usambara. Tazama ramani hiyo vizuri. Kila mstari unateremka kutoka kwenye mali kwenda bandarini. Hakuna hata mmoja uliochorwa kwa ajili ya mtu anayekaa hapa kwenda kufanya kazi pale na kurudi kwake jioni. Abiria alipakiwa, ndiyo, lakini alipakiwa kama mtu anayeomba lifti juu ya gari la mkonge.

Na pale reli ilipoingia mjini, ikawa mpaka. Upande mmoja mitaa ya wakubwa na maduka, upande wa pili Ngamiani. Ukitaka kujua mtawala alikuwa anakufikiriaje, tazama mstari alioupitisha kati yako na yeye.

Wala si Tanga peke yake. Mombasa, tangu miaka ya 1890, ilikuwa na vitroli vinavyopita juu ya vyuma mitaani, na injini ya kitroli ilikuwa mtu. Bwana anakaa juu chini ya kivuli, Mwafrika anasukuma kwa miguu yake. Huo nao ulikuwa mtandao wa usafiri wa mji wa kadiri, na ulikuwa na ramani nzuri tu. Unguja ilikuwa na gari moshi la kwenda Bububu tangu mwaka 1905, likapakia abiria, likafa kabla miaka ya 1920 haijaisha. Kwa hiyo anayesema miji yetu ya pwani ni midogo mno kwa mambo haya hajui kwamba miji hiyo ilikuwa na vyuma barabarani wakati ikiwa na watu wachache mno kuliko leo.

Na serikali zetu je, hazichori ndoto? Reli mpya ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, bandari mpya ya Mwambani: hayo tumeyasikia kwenye hotuba kwa miaka mingi. Siyadharau. Nasema tu kwamba mchoro wa mheshimiwa unaitwa mpango, na wangu unaitwa upuuzi, na tofauti kati yao mpaka sasa ni ubora wa karatasi.

Kundi la pili linaniuma zaidi maana ni la watu wa kalamu. Mwandishi mwenzangu mmoja aliniambia hivi, tena kwa upole: "Bwana wee, jarida la fasihi si ofisi ya mipango miji. Andika mapenzi, andika dhuluma, haya mabasi waachie mainjinia."

Nataka nimjibu kwa kumkumbusha tunakotoka. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909. Mtu huyo alipotaka kusema juu ya dhuluma alifanya nini? Alibuni nchi nzima, akaitundika angani, akaiita Kusadikika. Humo alitia wajumbe wanaotumwa nchi za mbali, wanarudi na maarifa ya kuwafaa wananchi, na malipo yao ni kifungo. Hakuna aliyemuuliza nchi hiyo ina barabara ngapi za lami. Kila msomaji alielewa kwamba nchi ya kubuni ni kioo, na anayejiona ndani yake ndiye anayekasirika.

Sasa mimi nikibuni basi linalofika Pongwe saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, kila siku, mvua isinyeshe au inyeshe, nimetoka wapi kwenye fasihi? Dhuluma unayotaka niandike iko pale kituoni. Iko kwa yule mwanafunzi aliyevaa sare, konda anamtazama kama nzi kwa sababu nauli yake ni ndogo, na gari linaondoka na viti vitupu viwili. Mwanafunzi huyo anafika darasani kipindi cha kwanza kimekwisha, anachapwa kwa kosa la kuchelewa. Hebu nitajie riwaya yenye kisa kizito kuliko hicho. Nimewahi kuwa huyo mwanafunzi, kwenye njia moja ya mji huu, na gari silitaji, maana gari lile lingekuwa lolote.

Na mapenzi? Mwenzangu, nani atakwenda kumwona mpenzi wake Amboni jioni kama hajui atarudi na nini? Watu wa nje hutusifu kwa usemi wetu, Tanga, waja leo waondoka leo. Mimi nauliza: waondoka kwa gari gani? Mgeni anashushwa stendi ya Kange, nje ya mji, na hapo hapo safari ya pili inaanza, ya mabishano na bajaji na bodaboda. Kabla hajaonja ukarimu wetu ameshaonja bei yetu.

Haya. Sasa zamu ya wachoraji wenzangu, na hapa simung'unyi maneno.

Ndugu zangu, nyingi ya ramani zenu ni za London. Mmechukua ule mtindo wa mistari iliyonyooka na kona za nyuzi 45, ambao Harry Beck, mchoraji aliyezoea michoro ya nyaya za umeme, aliuchora mwaka 1931 na London ikauchapisha mwaka 1933. Ni mtindo mzuri, sikatai. Lakini Beck alikuta treni ziko tayari chini ya ardhi. Kazi yake ilikuwa kuzieleza. Ninyi mmechukua maelezo mkaacha kitu chenyewe. Mmetuchorea mistari sita ya treni za chini ya ardhi katika mji wa watu laki nne, mashimo marefu kupita chini ya nyumba za udongo na minazi, na mkiulizwa nani atapanda, mnajibu: "Mbona Ulaya wanapanda?"

Tazameni mifano iliyo karibu. Addis Ababa ilizindua reli yake ya mjini mwaka 2015, njia mbili, kama kilomita 34. Ilikuwa fahari, na wengi wetu tulibandika picha zake ukutani. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya treni zile zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri. Dar es Salaam ilianza mabasi yake ya mwendokasi Mei 2016, kilomita kama 21 za njia maalumu, vituo vya kupendeza, tena yakapata tuzo ya kimataifa mwaka 2018. Lakini muulize abiria wa Kimara. Kwa miaka barabara ilikuwepo, kituo kilikuwepo, yeye alikuwepo, umati ulikuwepo. Kilichotafutwa ni basi. Na karakana ya Jangwani, iliyojengwa bondeni, mvua kubwa zilipokuja iliogelea. Zege halikuwasaliti watu wa Dar. Waliosaliti ni wale waliodhani kwamba ukishamwaga zege umemaliza kazi.

Kinyume chake kuna Curitiba, kule Brazil. Mwaka 1974, ukiwa bado mji wa kadiri, ulikataa kuchimba mashimo. Ukachukua mabasi ya kawaida, ukayapa njia yao, na watu wakapanda. Mji wa kadiri ukafanya jambo la kadiri, na baadaye majiji makubwa yakaja kujifunza kwake.

Kwa hiyo nasema, na hili ndilo neno langu moja katika makala haya: mji wetu haukukosa magari, umekosa saa. Ramani isiyo na saa ni pambo la ukutani.

Ngojeni niwapigie hesabu ndogo, maana daftari ni lile lile. Chukua kituo ambacho kila nusu saa hupita magari matatu. Yakipita kwa zamu, moja kila dakika 10, abiria anayejitokea wakati wowote atangoja kwa wastani dakika 5. Magari yale yale yakipita yote matatu kwa pamoja, yakifukuzana kama yafanyavyo, kisha nusu saa nzima pakawa kimya, wastani wa kungoja ni dakika 15. Magari ni yale yale. Mafuta ni yale yale. Madereva ni wale wale. Mmoja ameibiwa dakika 10 na hakuna aliyemwona mwizi.

Mwizi ni nani? Wepesi watasema dereva. Mimi nakataa. Dereva wa daladala kila siku anadaiwa hesabu ya tajiri, fedha kamili, gari lijae au lisijae. Chochote juu ya hapo ndiyo ugali wake na wa konda wake. Mtu huyo ukimwambia aondoke kituoni saa mbili kamili na viti kumi vitupu, umemwambia alale njaa kwa ajili ya ratiba yako. Ndiyo maana anangoja ajaze. Ndiyo maana anakatisha ruti akiona abiria wamepungua. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hutoa leseni za njia na kupanga nauli. Lakini leseni ya njia haimlipi mtu kwa kuwahi. Mlipe dereva kwa safari aliyoifanya kwa wakati, badala ya kumlipa kwa vichwa alivyovibana, uone kama hatajifunza kutazama saa.

Hesabu ya pili. Chukua njia ya kilomita 14, inayokaribia urefu wa Pongwe hadi mjini. Gari likienda kilomita 20 kwa saa, pamoja na kusimama vituoni, litatumia dakika 42 kwenda na 42 kurudi. Ongeza dakika 18 za kupumzika kila mwisho wa njia. Jumla saa mbili, yaani dakika 120. Ukitaka gari kila dakika 10, unahitaji magari 12. Weka mawili ya akiba kwa pancha na matengenezo, ni 14. Basi dogo la viti 25 litakupa viti 150 kwa saa kila upande. Nauliza: mabasi madogo 14 ni ndoto? Yamo humu humu mjini, yanagombana. Hakuna shimo la kuchimba wala mkopo wa kutia saini wajukuu zetu waje kuulipa. Kinachotakiwa ni ubao wenye saa, na mtu wa kuheshimu ubao.

Sasa niionyeshe ramani yangu, mpate na ninyi cha kucheka kwa haki. Ina mistari michache.

Wa kwanza ni kiberenge juu ya reli iliyopo, Muheza, Ngomeni, Pongwe, stesheni ya Tanga. Kiwe asubuhi na jioni, siku za kazi. Treni ya abiria kutoka Dar kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kukaa miaka na miaka, ikafika Arusha mwaka 2020, na watu wakaona kwamba chuma kilichofukiwa na majani bado ni chuma. Sijaomba reli mpya. Naomba reli ya mkonge ikabebe watu kwa nia, mara moja katika umri wake.

Wa pili ni ule wa kijani, basi la saa maalumu kutoka Kange, kupitia Ngamiani, mjini, Bombo, hadi Raskazone. Ngamiani vituo vina majina tayari, barabara zake zina namba, ya kwanza, ya pili, mpaka zimepita ishirini. Hata mtoto atajua ashuke wapi. Na gari la mwisho lisiwe la magharibi. Liwe la kumrudisha nesi aliyemaliza zamu.

Wa tatu uko majini, na huu hakuna mchoraji wa London angeufikiria. Chongoleani iko ng'ambo ya ghuba, unaiona. Kwa barabara unazunguka kupitia kaskazini ndipo ufike, kwa maji ni kuvuka. Bomba la mafuta limechorewa njia ya kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, mlima kwa bonde. Mafuta yamefikiriwa kila mita. Je, mvuvi wa Chongoleani, ambaye mtoto wake anasoma mjini, nani amemchorea boti yenye saa ya kuondoka na maboya ya kutosha? Nimeichora mimi. Kama ni upuuzi, basi ni upuuzi wa kilomita chache, wenzetu wana wa 1,443.

Wa mwisho ni mwembamba, wa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani na ardhi yake ni tambarare. Hilo wenzangu mnalionea aibu, mnalifuta kwenye ramani kama mtu anayemficha bibi yake wageni wakija. Mimi nimeweka banda la baiskeli kila kituo, na mlinzi wake. Mzee aliyeniambia mji huu watosha kwa baiskeli, nimemsikia, na nafasi yake imo.

Nimalizie kwa sharti, kwa yeyote atakayechora baada ya leo. Usichore mstari kabla hujamtaja mtu mmoja atakayeupanda, anatoka wapi, anatakiwa wapi, saa ngapi, na mfukoni ana shilingi ngapi. Muuza samaki wa Deep Sea. Mlinzi wa usiku. Mwanafunzi wa Pongwe. Kama mstari wako hauna mtu, ufute, hata kama rangi yake inapendeza. Na kama una mtu, basi usikubali yeyote akuambie ni mchezo, kwa kuwa mtu huyo kesho alfajiri atakuwa kituoni amesimama, na si mchezo kwake.

Na ninyi mnaocheka, nina ombi dogo. Kesho kutwa saa kumi na mbili asubuhi nendeni kituo chochote cha pembezoni na kalamu na saa. Andikeni kila gari limepita saa ngapi na limewaacha wangapi. Hiyo karatasi mkishaijaza, ileteni, tuiweke juu ya ramani yetu, ndipo tucheke pamoja.